Fundi Tena na Mlango Wake

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima, kuanzia muuza vocha wa kwenye kona hadi mwenye nyumba aliyekuja mara moja kwa mwaka kuahidi kupaka rangi, ulimwita Fundi Tena, na niseme mapema kwamba hakuna aliyemwonea. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa kufuli na vitasa, mwenye mikono myepesi na tupa kali, na hakuna mlango uliomshinda isipokuwa wake. Akiufunga anautikisa. Akienda hatua kumi anarudi, anautikisa tena. Akifika kwa muuza vocha anarudi. Akifika kituo cha basi anarudi vilevile, jasho linamtoka kama amekimbizwa na mbwa.

Watu wana midomo, kwa hiyo hili nalo nilinyooshe: hakuwa na upungufu wa akili. Fundi alijua mlango umefungwa. Alikuwa ameushika, ameusikia ulimi wa kitasa ukiingia kwenye fremu, sauti aliyoijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mama yake. Lakini akigeuza mgongo tu, kitu kifuani kinamuuliza: una hakika? Na yeye, mtu mpole asiyependa kubishana, anarudi kuangalia.

Chanzo chake, kama kilikuwepo chanzo, kilikuwa shukrani. Mwalimu mkuu mmoja alimpigia simu akasema, "Fundi, kile kitasa ulichonifungia kinafunga vizuri. Asante sana." Mtu mwingine angefurahi akanywa chai yake. Fundi alibaki na simu mkononi akiwaza: kwa nini mtu apige simu kusema kitasa kinafunga? Kazi ya kitasa si ndiyo hiyo? Kuna nini? Akapanda baiskeli akaenda kukitikisa. Wiki ile alitikisa milango ya wateja sita, wiki iliyofuata kumi na minne, na mwaka ulipoisha alikuwa anapita kila jioni mitaa yote aliyowahi kufanyia kazi, anatikisa milango ya watu waliokaa mezani wanakula.

"Fundi, ni wewe?" wanauliza kutoka ndani.

"Ni mimi. Endeleeni kula."

Wakaendelea kula. Mtaa ulishamzoea, na wengine walikiri kwamba siku asipopita chakula hakishuki vizuri. Ila mpangaji mmoja mgeni, asiyejua historia ya kitasa chake, aliita polisi, na fundi akatiwa mahabusu jioni ileile na mkoba wake wa vifaa. Sasa kufuli la mahabusu ile nani alilifunga? Yeye mwenyewe, miaka tisa nyuma. Akaanza kulitikisa kwa ndani. Alilitikisa saa mbili mfululizo, mpaka mwenzake aliyewekwa humo kwa ulevi akaomba kuhamishwa, akisema yeye alikuja kupumzika. Walipomwachia fundi alitembea hadi getini, akasimama, akarudi kaunta, akaomba kwa heshima zote aingizwe tena kidogo kwa sababu hakuridhika na komeo la chini.

Mkuu wa kituo akavuta karatasi akaandika barua ya kumpeleka kliniki ya afya ya akili. Kwa hilo namshukuru kwa dhati, maana alikuwa na njia nyingine nyingi za kumwondoa.

Nyumbani nako kulikuwa na utaratibu wake. Mkewe alikuwa msusi. Kiti cha wateja kilikaa barazani, hatua nne kutoka mlangoni, na kwa miaka kumi na moja mama huyu alisuka huku akijibu swali moja.

"Mama, nimefunga?"

"Umefunga, baba."

"Umeniona?"

"Nimekuona."

Akiwa na pini mdomoni, wateja walijibu kwa niaba yake. Ungewakuta wanawake watatu, mmoja kasukwa upande mmoja tu, mwingine nywele zimemsimama kama kapigwa shoti ya umeme, wote wanaitikia kwa pamoja bila kuinua macho: "Umefunga, fundi!" Mteja mgeni alifundishwa jibu kabla ya kuonyeshwa pa kukaa.

Yote hayo mkewe aliyabeba. Kilichomshinda ni mjukuu. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mji wa mbali, saa sita kwa basi, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwenye mashavu tele waliyemwita Kibonge kabla hawajakubaliana jina. Mara tatu tiketi zilikatwa. Safari ya kwanza fundi alifika mpaka ndani ya basi, akakaa, akashuka. Ya pili aliishia kwenye kona. Ya tatu alisimama na mkono kwenye kitasa tangu saa mbili asubuhi, mkewe kando yake na mabegi, mpaka basi likapita barabara kuu na honi yake wakaisikia. Kibonge akaanza kukaa bila babu, akaota jino bila babu. Kwenye simu alimwangalia fundi kwa macho yaleyale anayoangalizia matangazo.

Siku fundi aliporudi na barua ya polisi, mkewe alimkalisha kwenye kiti cha wateja. Pini alikuwa amezitoa mdomoni.

"Nisikilize, baba. Miaka kumi na moja nakujibu. Leo naongea mimi bila kuulizwa. Mtoto akitimiza mwaka naenda kumwona. Ukiwepo, tunaenda wote. Usipokuwepo, nitakaa hukohuko kwa mwanangu. Kusimama mlangoni na mabegi, mimi basi."

Fundi alijua mkewe hatishii nyau. Mtoto alikuwa na miezi saba, hesabu ilikuwa rahisi. Alimtazama mkewe, akatazama mlango, akamtazama tena mkewe.

"Mama," akasema, "nimefunga?"

Hakuwa na nia mbaya. Ulimi ndio ulishazoea.

Kliniki ilikuwa jengo refu la ghorofa moja nyuma ya stoo ya dawa. Mwaka mmoja kabla ya fundi kufika, kila mtaalamu alikuwa na korido yake na faili lake, na mgonjwa aliyewapitia wote alisimulia maisha yake mara nne, akatoka na maisha manne tofauti. Kisha likaja agizo kutoka juu: tiba iwe jumuishi. Mwili, mawazo, familia na kazi vitibiwe kwa pamoja, na kila hatua iwe na ushahidi. Wakavunja ukuta, wakaweka meza nne katika chumba kimoja, na faili moja lenye kurasa za rangi nne. Wakamsubiri mgonjwa wa kuanza naye. Akaja fundi, amechelewa saa tatu, na sababu mnaijua.

Meza ya kwanza alikaa daktari, mtu mrefu asiyetia chumvi. "Huu ni ugonjwa wa wasiwasi unaojirudia," alimwambia. "Si uchawi, si uvivu. Unatibika, ila si kwa kitu kimoja. Kidonge hiki umeze kila siku. Wiki sita unaweza usione mabadiliko yoyote. Usije ukaniacha wiki ya tatu."

Meza ya pili alikaa mshauri, mwanamke mdogo wa umbo, sauti ya upole, msimamo wa chuma. Yeye alimpa zoezi. Afunge mlango mara moja, atie mkono mfukoni, aondoke. Wasiwasi utapanda. Auache upande. Utafika juu, utakaa, utashuka wenyewe bila yeye kuutii.

"Na ukikuuliza una hakika," mshauri alisema, "unajibu: sijui."

"Sijui?"

"Sijui."

Fundi aliumia. "Mimi ni fundi wa kufuli, dada yangu. Mlango wangu mwenyewe, niseme sijui?"

"Mteja akikuuliza kuhusu mlango wake, mwambie. Wasiwasi ndio usiuambie kitu."

Fundi alimwangalia kwa huruma. Kwa kuzingatia mahali alipokuwa, alidhani huyu ni mgonjwa aliyekosea akakaa upande usio wake, na alimwuliza daktari kwa kunong'ona kama ndugu zake wanajua alipo.

Meza ya tatu ilikuwa ya afisa ustawi wa jamii, bwana mnene mwenye mkoba wa ngozi, na huyu hakukaa kwenye meza yake. Alikwenda barazani. Akawakusanya wateja wa msusi akawaeleza kwamba kila "umefunga" wanayosema inampoza fundi kwa dakika tano na kumrudisha mlangoni kwa mwaka mzima. Kuanzia leo jibu ni "hatujui."

"Lakini tumemwona akifunga!" alisema mmoja.

"Hata kama mmemwona."

"Kwa hiyo tuseme uongo?"

"Basi nyamazeni. Ila msimpe jibu."

"Mimi nimekuja kusukwa," alisema wa nywele zilizosimama, "sikuja kutibu mtu."

Walifanya mazoezi mara tatu hata hivyo, na kesho yake ikawa siku ya mtihani. Fundi alifunga, akageuka. "Mama, nimefunga?" Kitana kilianguka kikaachwa hapohapo. Kisha wakaitikia kwa sauti ya msiba: "Hatujui, fundi." Fundi aliketi kwenye ngazi, na mkewe akaendelea kusuka huku machozi yanadondokea kichwa cha mteja. Miaka yote aliamini kumjibu mumewe ndiyo kumpenda. Kumnyima jibu kulimuuma kuliko siku ya mabegi, na mteja aliondoka na msuko uliopinda asiseme neno.

Meza ya nne alikuwa muuguzi, msichana mkimya mwenye rula ndefu. Kazi yake ilikuwa ushahidi. Fundi alihesabu kila alipokagua mlango na kumpelekea namba, naye akazichora kwenye karatasi kubwa ukutani. Siku ya kwanza: arobaini na moja. Wiki ya pili mstari haukutikisika. Wiki ya tatu fundi alitaka kutupa vidonge chooni, akakumbuka onyo la daktari, akameza. Wiki ya tano ukaanza kuteremka, na wiki ya nane ulisimama kwenye tisa. Wakapeana mikono. Daktari alisema ni dawa, mshauri akasema ni zoezi, afisa akasema ni baraza, na muuguzi akasema mstari ni mmoja, haugawanyiki.

Wangeishia hapo, ningeshamaliza kusimulia. Lakini Jumatatu moja, katika kikao cha wote wanne, daktari alikuna kidevu akatoa swali.

"Hizi namba anatupa mwenyewe," alisema. "Sisi tuna hakika gani?"

Hakuna aliyeshtuka. Watu wanne wenye vyeti vyao, wanaomtibu mtu kwa swali hilohilo, waliona ni swali zuri. Wakaazimia kwamba kila jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, kila mmoja ampigie fundi simu kuhakikisha kwamba hakagui mno.

Wa kwanza daktari. "Habari za jioni, fundi. Leo umekagua mlango mara ngapi?"

"Tisa, daktari."

"Tisa. Una hakika?"

Fundi aliweka simu chini akaenda kuangalia mlango. Zikawa kumi. Akapiga mshauri, akaambiwa kumi. "Mbona daktari kaandika tisa?" Fundi akaenda tena mlangoni kutafuta ile ya kumi ilitokea wapi. Afisa akapata kumi na mbili. Muuguzi, akiwa na namba tatu tofauti kwenye kurasa za rangi tatu, ilimbidi apige mara mbili ili kuzisawazisha, na alipokata simu zilikuwa kumi na tano.

Mstari ukapinda. Ishirini na tano, thelathini na tatu, arobaini na saba. Kikao kikaona hatari, kikaongeza simu za asubuhi. Daktari akachukua jukumu la kuwapigia wenzake kuhakikisha wamepiga. Afisa, kila alipoulizwa kama kapiga, aliingiwa na shaka akapiga upya. Fundi sasa alikuwa anakula amesimama mlangoni, simu sikioni, mkono kwenye kitasa. Barazani kiti cha kusukia kilisogezwa pembeni ili apate njia. Mkewe alichomoa begi kutoka chini ya kitanda akaanza kulifuta vumbi, na hilo lilimtisha fundi kuliko simu zote. Mtoto alikuwa na miezi kumi. Namba ilifika hamsini na nane.

Jumatatu iliyofuata muuguzi, ambaye kwa kawaida haongei mpaka aulizwe, alisimama na rula yake.

"Naomba mtazame ukutani. Hapa dawa zimeanza kushika, unashuka. Hapa zoezi, unashuka. Hapa barazani wamelizoea jibu jipya, umeshuka sana." Rula ikagonga karatasi. "Na hapa unapopanda, hakuna kipya kilichoingia isipokuwa sisi."

"Una hakika?" daktari aliuliza, kisha akajisikia mwenyewe, akafunika mdomo kwa kiganja.

Afisa ustawi alikohoa. Akasema, akiangalia mkoba wake, kwamba kila asubuhi hurudi nyumbani kugusa pasi kama kaizima. Mshauri akasema geti. Hata siku alizofundisha watu kumi kusema sijui, jioni yeye hurudi getini mara mbili, tatu. Daktari hakuhitaji kukiri: wote walishawahi kumwona akilizunguka gari lake akishika vitasa vya milango minne na cha buti. Kikao kile ndicho pekee kilichoisha bila maazimio. Kesho yake walimwita fundi, na daktari, kwa niaba ya timu, akaomba radhi.

"Fundi, tumekosea. Tumekuwa tunakuongezea ugonjwa."

"Mna hakika?" fundi aliuliza.

Simu zikakoma. Vidonge viliendelea, zoezi liliendelea, na barazani waliendelea kutojua. Mstari ukaanza kuteremka upya: arobaini, ishirini na sita, kumi na tatu. Kwa wateja fundi alikwenda akiitwa tu. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alituma salamu kuuliza kama fundi anaumwa, maana siku hizi mlango wake hautikiswi na yeye chakula cha jioni anakisahau. Wiki ya mwisho kabla ya mtoto kutimiza mwaka, namba ilikuwa tano.

"Tano si sifuri," daktari alimwambia. "Lakini mtu wa tano anapanda basi."

Tiketi zilikatwa za Jumamosi saa tatu asubuhi. Timu ilikubaliana, na muuguzi akaandika, kwamba hakuna atakayekwenda kuangalia. Saa mbili na robo mkewe alitoka na mabegi mawili akasimama barazani. Wateja watatu walikuja kumuaga, nao walisimama wameshikana mikono. Fundi alivuta mlango, akazungusha ufunguo mara moja. Ulimi uliingia. Akatia ufunguo mfukoni, na mkono ukabaki humohumo.

Una hakika?

Wasiwasi ulipanda; aliuacha upande. Mkewe alitangulia bila kugeuka, maana alijua akigeuka ataulizwa, na akiulizwa safari hii hajui atajibu nini. Hatua ya kumi, pale anaporudi kila siku, fundi alisimama. Mkewe alisikia nyayo zimekoma. Akafumba macho, akaendelea kutembea.

"Sijui," fundi alisema nyuma yake, kwa sauti kubwa, kama anamjibu kiziwi. "Sijui!" Na nyayo zikaanza tena.

Kwenye kona muuza vocha, ambaye hakuwahi kumwona fundi akipita bila kurudi, alisimama wima kwa heshima. Dukani kando yake palikuwa na wateja wanne. Daktari alikuwa anachagua kitunguu kimoja kwa umakini mkubwa. Mshauri aliangalia ukuta. Afisa alijikinga uso na mkoba. Muuguzi alikuwa na daftari tu, hakujificha. Kila mmoja alikuja akiamini wenzake wametii makubaliano. Fundi aliwapita bila kuwasalimia, si kwa dharau, ila alijua akifungua mdomo kusema habari za asubuhi atatoka na swali lingine.

Basi liliondoka saa tatu kamili, naye ndani yake. Halijafika mzunguko wa barabara, simu ikaita. Daktari. Ikakatika, akapiga afisa. Ikakatika, akapiga mshauri. Fundi alielewa mara moja: watu hawa wamekwenda kuutikisa mlango. Jibu lilikuwa mle kwenye simu, bado la moto. Abonyeze tu, ajue, apumue. Kidole gumba kilikuwa juu ya kioo. Hajawahi kutamani kitu maishani kama alivyotamani sauti ya daktari dakika ile. Kisha ukaingia ujumbe wa muuguzi: "Fundi, hao watatu wamenishinda. Usipokee."

Alicheka mpaka abiria wa mbele wakageuka. Akazima simu.

Mkewe alikaa karibu saa nzima, mikono juu ya mkoba, macho dirishani. Kisha akajigeuza taratibu.

"Baba."

"Naam."

"Hivi... umefunga?"

Fundi alimtazama. Mke wake, aliyejibu swali hilo miaka kumi na moja, macho yalikuwa yamemtoka, kashika kifua. Aliziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui," alisema. "Nilikuwa natembea, sikuangalia. Hivi ndivyo unavyojisikia? Kila siku? Mungu wangu, baba, umeishije?"

Fundi alimshika mkono akakaa naye mpaka wasiwasi wa mkewe ulipopanda, ukakaa, ukashuka wenyewe, kama mshauri alivyosema. Ulichukua dakika arobaini, karibu vituo viwili.

Kwa binti walifika mchana. Walimkuta mlangoni anahangaika kufungua fundo. Mlango wake ulifungwa kwa kipande cha kanga kilichopitishwa kwenye tundu la kitasa na kuzungushwa kwenye msumari.

"Shikamoo baba. Samahani, kitasa kilikufa zamani, mwezi wa pili tangu tuhamie."

"Marahaba. Mbona hukuita fundi?"

"Fundi si baba yangu?" binti alishangaa. "Nilikuwa nakusubiri."

Fundi aliona aibu, aibu halisi, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na wasiwasi. Ametikisa milango ya mji mzima mpaka ya mahabusu, na mwanae alikuwa analala nyuma ya fundo la kanga. Bisibisi alikuwa nayo kwenye begi. Hakunywa hata maji. Kitasa kipya alichompa binti mwaka wa harusi kilikuwa bado kwenye boksi lake juu ya kabati, na kwa nusu saa akakiingiza, akakaza skrubu, akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara moja. Ulimi uliingia.

Wote walimtazama. Mkono wa fundi ulianza kurudi polepole kuelekea kitasani.

Nyuma yake kijiko kilianguka sakafuni. Kibonge, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na tumbo lake mbele, alikitazama kijiko, akamtazama mgeni huyu wa kwenye simu, akasubiri. Fundi alikwenda akainama, akakiokota, akampa. Kibonge akakitupa. Fundi akakiokota. Kibonge akakitupa mbali zaidi, akacheka kwa meno manne. Wiki ile alishawachosha mama yake, baba yake na jirani, na hakuna aliyevuka mara ya sita.

Mke wa fundi alianza kuhesabu kwa sauti, kwa mazoea tu ya namba za muuguzi. Ilipofika arobaini na moja alinyamaza, akakaa chini akavua viatu. Mtoto alikuwa bado anacheka, na fundi alikuwa uvunguni mwa meza, kwa magoti na viganja, anatafuta kijiko.